Maswali ya Wasomaji: Kumjengea Mwanafunzi Ujasiri wa Kubuni

Safari hii ukurasa wetu wa elimu umepokea barua kutoka mikoa ya Kusini, Mtwara na Lindi, ambazo zote zinagusa matumizi ya mbinu ya fikra za usanifu darasani, yaani kutatua shida ya mtu kwa kumsikiliza, kubuni na kujaribu. Tumezifupisha bila kubadili maana, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Tandahimba, na darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 80. Katika mafunzo kazini tulielezwa mbinu ya fikra za usanifu, kwamba ina hatua tano na kwamba inawajengea wanafunzi ujasiri wa kubuni vitu vyao wenyewe. Nilirudi na bango zuri la hatua hizo, nikalibandika ukutani. Shida ni kwamba nikiwaambia wanafunzi watoe mawazo kuhusu tatizo la maji shuleni, wananyamaza. Na akijitokeza mmoja akasema tujenge tangi, basi makundi yote yanachora tangi. Je, mbinu hii inawafaa kweli watoto wetu, au ni ya shule zenye watoto 20 darasani na vifaa vya kila namna?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa barua yako, na hasa kwa kulitaja lile tangi, kwa sababu limenieleza mengi kuliko idadi ya wanafunzi na uhaba wa vifaa. Makundi yote yalichora tangi kwa kuwa hakuna kundi lililokuwa na habari ambayo kundi jingine halikuwa nayo. Uliwataka watoe mawazo kabla hawajakutana na mtu mwenye shida, na mtoto ambaye hajashuhudia jambo lolote kwa macho yake hana la kusema ila kurudia lile ambalo mwalimu ameonekana kulipokea vizuri. Ulianzia hatua ya tatu.

Hatua zenyewe, kwa faida ya wasomaji wengine, ni kumwelewa mlengwa, yaani mtu mwenye shida, kulipambanua tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza mfano wa majaribio, na kuujaribu mfano huo kwa mlengwa yuleyule. Zimeenezwa zaidi na taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 2000, na mmoja wa waasisi wake ni David Kelley, mhandisi ambaye pia ni miongoni mwa walioanzisha kampuni ya usanifu ya IDEO mwaka 1991. Kwa hiyo asili yake ni kazi ya wahandisi na wasanifu wa bidhaa, watu ambao kitu kizuri kisichomfaa mtumiaji ni hasara tupu kwao. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kusikiliza na ya mwisho ni kusikiliza tena. Bango la ukutani huzionyesha kama ngazi za kupanda moja baada ya nyingine, jambo ambalo kwa maoni yangu limewapotosha walimu wengi, kwa kuwa katika kazi halisi mtu huenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa.

Nikupe kisa kimoja kinachoonyesha uzito wa kusikiliza. Mwaka 2007 wanafunzi wa Stanford walipewa kazi ya kubuni mashine ya bei nafuu ya kuwatunzia joto watoto njiti katika nchi zenye kipato kidogo. Mmoja wao alipokwenda Nepal alikuta mashine za hospitali zimekaa bila watoto ndani yake, kwa sababu watoto njiti wengi walizaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme wa uhakika. Tatizo likabadilika papo hapo: kupunguza bei ya mashine ya hospitali kusingemsaidia mama wa kijijini hata kidogo. Walichotengeneza mwishowe ni mfuko wa kumfunika mtoto, wenye kipakiti cha nta maalumu ambayo ikishapashwa moto hutunza joto kwa saa kadhaa. Laiti wangekaa darasani wakazalisha mawazo tu, wangetoka na mashine nafuu ya kukaa bila mtoto.

Sasa tuje kwenye ujasiri, ambao ndio hasa ulioulizia. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha Stanford kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: kufanya jambo mwenyewe akafanikiwa, kumwona mtu anayefanana naye akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zake wakati wa kufanya. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Bandura alishughulika na watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka, na hakuwahubiria kwamba nyoka yule hana sumu. Aliwapitisha katika vitendo vidogovidogo: kumtazama nyoka akiwa chumba cha pili, kusimama mlangoni, kumgusa wakiwa wamevaa glavu, hadi wakamshika kwa mikono mitupu. Ndugu wawili, David na Tom Kelley, ndio walioihusisha hoja hiyo na ubunifu, wakisema kwamba hofu ya kubuni nayo huondolewa kwa vihatua vidogo ambavyo mtu anaviweza.

Darasani kwako nyoka ni swali lenyewe: "Nani ana wazo?" Mtoto amekaa shuleni miaka mitano, na amejifunza kwamba kila swali la mwalimu lina jibu moja ambalo mwalimu tayari analo, na anayekosea huchekwa. Kunyamaza ni uamuzi wa busara kwa upande wake. Kwa hiyo anza na kitu kidogo ambacho hakina jibu mfukoni mwako.

Chukua kibuyu chirizi cha kunawia mikono, kifaa kinachojulikana katika shule nyingi za msingi: kidumu kilichotobolewa, kinachoning'inizwa kwenye mti wa mlalo na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Kwenu huko juu, katika uwanda wa Makonde, ambako maji ya bomba hupandishwa kutoka mabondeni na familia nyingi huvuna maji ya mvua na kuyahifadhi visimani, watoto hawahitaji kuelezwa thamani ya maji. Siku ya kwanza wapeleke wakati wa mapumziko wakawaangalie wadogo zao wa darasa la kwanza wakinawa. Wasiseme neno, wasisahihishe, ila kila mmoja achore au aandike mambo matatu aliyoyaona. Mmoja ataona kwamba mtoto mfupi haifikii sabuni. Mwingine ataona kwamba kamba imelegea, hivyo watoto wanakiinamisha kidumu kwa mkono uleule mchafu, na mwingine kwamba maji yanamwagika mahali pamoja na kufanya tope, wanaoogopa kuchafua viatu wakalikwepa bila kunawa. Kesho yake utakuwa na darasa la wanafunzi 80 wenye habari tofauti, na hapo hutasikia tangi.

Kisha watunge sentensi moja yenye mtu, haja yake na sababu, kwa mfano: "Mtoto mfupi wa darasa la kwanza anahitaji kuifikia sabuni bila kukanyaga tope, kwa kuwa akichafua viatu anagombezwa nyumbani." Usiipite sentensi hii haraka. Kundi lililoandika "wanafunzi wanahitaji usafi" bado halijaona kitu, lirudi kuangalia tena.

Wakati wa kuzalisha mawazo, usianze na makundi. Tangu mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa, hutoa mawazo mengi kuliko idadi hiyohiyo ya watu waliokaa kundi moja wakijadiliana tangu mwanzo. Sababu zinazotajwa utazitambua mara moja: mmoja anaposema wengine wanasubiri, na wengine wanaona haya. Wape dakika nane za kimya, kila mtoto akunje karatasi iwe na visanduku sita na achore wazo katika kila kisanduku, hata liwe la kipuuzi. Baada ya hapo ndipo wakae watano watano na kila mmoja aonyeshe michoro yake kwa zamu, akianza yule ambaye kwa kawaida hasemi. Mtoto wa kike anayejificha dawati la nyuma ana karatasi mkononi mwake, na karatasi hiyo inamsemea.

Kuhusu vifaa, usijisumbue. Fundi wa kinyago hawezi kuurudisha mpingo alioukata kwa tezo, na ndivyo inavyokuwa kwa mtoto aliyepewa mbao, misumari na rangi: akishatumia kitu cha thamani, hatakubali kukibadilisha, atakitetea. Mfano wa majaribio unatakiwa uwe wa kitu kisichouma kukitupa, kama vile udongo, magunzi, mabua, maboksi, chupa tupu za maji na kamba za katani. Uchakavu wake ni faida. Nimeona maonyesho ya shule ambamo kazi zote zilikuwa zimepakwa rangi na kung'arishwa, na hakuna hata moja iliyowahi kutumiwa na mtu; kwangu hizo ni kazi za mikono, na kazi za mikono ni jambo jema, ila ujasiri tunaouzungumzia hapa hauzaliwi humo.

Huzaliwa katika hatua ya tano, ambayo ndiyo inayokatwa kengele ikilia. Mwite mtoto wa darasa la kwanza, anawe kwa kifaa kipya, na waliokitengeneza wakae kimya. Atakikosea. Watacheka, kisha watakirekebisha, na mara ya pili au ya tatu atanawa vizuri. Mtoto aliyeona kitu chake kikishindwa saa nne na kikifanya kazi kabla ya saa sita ana ushahidi ambao hotuba yoyote ya kumtia moyo haiwezi kumpa. Kwa darasa kubwa kama lako, makundi 16 yasiwasilishe mbele yote, mtachoka. Yapange nje chini ya mkorosho, nusu ya kila kundi wabaki na kifaa na nusu wakazungukie vifaa vya wenzao, kisha wabadilishane. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Nawe ukizunguka, epuka kusema "safi sana" na epuka kusema "hapana". Uliza: "Umeona nini alipokitumia?" na "Utabadilisha nini?"

Kuhusu kama mbinu ni ya watu wengine, sioni hivyo. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 uliitaka shule imjengee kila raia mambo matatu: akili ya udadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukikataa au kukigeuza kinachokuja kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Wengi wetu tulikumbuka jembe na bustani ya shule, hayo matatu tukayasahau. Hata hiyo mbinu ya hatua tano una ruhusa ya kuigeuza: huko Ahmedabad, India, mwalimu Kiran Bir Sethi, mwanzilishi wa shule ya Riverside, ameifupisha kwa watoto wadogo ikawa kuhisi, kuwaza, kutenda na kushirikisha wengine. Bandika hiyo badala ya lile bango.

SWALI: Mimi ni mzazi, nakaa Lindi mjini. Shule anayosoma mwanangu wa darasa la nne ilifanya mashindano ya ubunifu kwa makundi, washindi wakapewa madaftari na begi. Kundi la mwanangu halikupata kitu, na tangu siku hiyo anasema hana kipaji. Juu ya hayo, mwaka huu wana upimaji wa kitaifa, nami najiuliza kama maboksi haya hayawapotezei muda.

JIBU: Mama au baba, kwa kuwa hukutaja, nikuite mzazi mwenzangu. Mashindano yanafanywa kwa nia njema, na huwafurahisha sana wageni rasmi. Hata hivyo, kwa jambo hili yana kasoro inayojulikana. Mtafiti Teresa Amabile wa Marekani alichapisha mwaka 1982 matokeo ya jaribio la wasichana wa miaka 7 hadi 11 waliotengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi. Kundi moja liliambiwa kazi bora zitapewa zawadi, jingine likaambiwa zawadi zitatolewa kwa bahati nasibu. Waliokuwa wakishindana walitoa kazi zilizohukumiwa kuwa na ubunifu mdogo zaidi. Anayeshindania begi hufanya lile analodhani mwamuzi atalipenda, na watoto wote wakifikiri hivyo, mnarudi kwenye kufanana. Ukipata nafasi katika kikao cha wazazi, shauri kwamba zawadi wapewe darasa zima, au fedha hizo zinunulie manila, gundi na kamba.

Nyumbani, usimwambie kwamba ana kipaji kikubwa na waamuzi walikosea. Hatakuamini, naye ana haki, kwa sababu sifa hiyo haina ushahidi. Mwombe akuonyeshe walichotengeneza na akueleze kilikuwa cha nani. Kisha mpe kazi halisi ndogo iliyo mbele yenu: samaki anayeanikwa uani anadonolewa na kunguru, au mlango wa banda la kuku unafunguka usiku. Amwulize bibi au dada anayehusika, atengeneze kwa vitu vilivyopo, mkijaribu. Kisipofanya kazi, mwulize atajaribu nini kesho, nawe uendelee na shughuli zako. Ukikishika wewe na kukimaliza kwa ustadi wa mtu mzima, umemthibitishia lile analolisema.

Kuhusu upimaji, wasiwasi wako ni wa haki. Kazi ya aina hii ikiwekwa pembeni kama burudani ya Ijumaa mchana, itakula muda bila faida. Ikiwekwa ndani ya somo, kipimo cha kamba na ujazo wa kidumu ni hisabati, maelezo ya kifaa ni insha, na kunawa mikono ni sayansi. Mwulize mwalimu wa darasa kwa upole ni mada gani ya mtaala iliyofundishwa kwa kazi ile. Akiwa na jibu, mwache aendelee.

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha pili, wilaya ya Masasi. Nilijaribu mbinu hii, lakini wanafunzi wanashindwa kujieleza kwa Kiingereza, na wenye mawazo mazuri wanayaacha kwa kukosa maneno. Tena, nikishamaliza, nitoe alama kwa kigezo gani?

JIBU: Mwalimu, usichanganye hofu mbili katika kipindi kimoja. Anayeogopa kubuni na papo hapo anaogopa kukosea Kiingereza mbele ya wenzake atachagua njia salama, ambayo ni kimya. Somo linafundishwa kwa Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza, hilo halibadiliki. Lakini mlengwa wa kazi hazungumzi Kiingereza. Tuseme tatizo ni bibi anayeokota korosho msimu wa Oktoba na Novemba, anayeinama kutwa nzima na usiku mgongo unamwuma. Wanafunzi wakamhoji kwa lugha anayoitumia nyumbani, iwe Kimakua, Kiyao au Kimakonde, warudi wakajadili kwa Kiswahili, na wachore. Waruhusu pia waandike yale maneno yaliyowakwamisha kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari.

Baada ya kutengeneza kiokoteo cha mwanzi na kopo, ndipo fizikia ya Kiingereza iingie, maana sasa wana kitu mkononi cha kukitaja: egemeo liko wapi, jitihada inatumika wapi, mzigo uko wapi, kwa nini mpini ukirefushwa jitihada inayohitajika inabadilika. Sentensi nne za Kiingereza kuhusu kifaa ulichokitengeneza mwenyewe huja kwa urahisi kuliko ukurasa mzima kuhusu nyenzo (lever) iliyochorwa kitabuni na mtu usiyemjua. Kisha bibi aletwe, au wao wamfuate shambani, akijaribu. Neno moja la tahadhari: msichague tatizo linalohusu upuliziaji wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, vumbi lile si la kuchezewa na wanafunzi.

Juu ya alama, ukipima uzuri wa kifaa utawapa alama wenye wazazi mafundi. Mimi ningegawa alama 20 hivi: alama 7 kwa mambo waliyoyaona na kuyasikia kwa mlengwa, yakiwa yameandikwa pamoja na tarehe, alama 8 kwa mabadiliko waliyoyafanya baada ya kila jaribio, wakieleza sababu, alama 4 kwa maelezo ya kifizikia, na alama 1 tu kwa kifaa chenyewe. Watangazie mgawanyo huo kabla ya kuanza, na uuandike ubaoni. Kundi ambalo kifaa chake kilikataa hadi mwisho, lakini lina kumbukumbu ya marekebisho matatu yenye sababu, liwe na nafasi ya kupata 19.